Sura ya Mwisho Iko Huko Kwenu

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe, mkeo na wakwe zako, na kwamba baridi ya huko haijakumaliza. Sisi hatujambo, isipokuwa goti la mama linalomsumbua akikanyaga cherehani kwa muda mrefu, na bomba la jikoni ambalo fundi amelitengeneza mpaka limeharibika kabisa. Nimeona nikuandikie kwa sababu kila nikikutumia ujumbe unanijibu "sawa dada, nitakutafuta", na hunitafuti. Barua huwezi kuikata katikati.

Bila shaka umesikia kwamba kitabu cha mama kimetoka kwa lugha ya huko. Najua hukipendi. Tangu ulipokisoma kwa lugha yetu hujampigia mama simu, na sikulaumu. Hapa mtaani kila mtu alimtambua yule kijana wa kitabuni asiye na jina, aliyeondoka nyumbani akafunga mlango, wala asirudi hata kumzika baba yake. Walikusema sana. Vumilia kidogo nikueleze hali ya mama, kisha nitafika huko.

Mama hajabadilika hata chembe. Asubuhi anaandika kwenye meza ya kukatia vitambaa. Akishafungua mlango wa duka, karatasi zinatumbukizwa kwenye kapu la vipande vilivyobaki, naye anakuwa fundi wa mapazia basi. Wiki ile kitabu kilipotoka, mwandishi wa gazeti alimpigia simu akitaka kujua anajisikiaje. Alimjibu kwamba ana mteja. Unamjua, jambo likimgusa moyo lazima awe na mteja. Ila siku hiyo kweli alikuwepo, yule mama wa benki mwenye madirisha mapana, ambaye alisikia yote, akampa hongera nyingi, kisha akasema pindo la kushoto limepanda. Mama alipiga magoti palepale, na goti lake hilo bovu, akalifumua lote. Nilipandwa na hasira kwa niaba yake. Aliniambia nipunguze jazba, pindo lilikuwa limepanda kweli.

Mfasiri wake ni mwanamke mcheshi anayeijua lugha yetu vizuri. Miezi yote ya kutafsiri alikuwa akipiga simu ya video kuuliza mambo ambayo sisi hatujawahi kuyafikiria: chaki inashikwaje, baba alikuwa akikaaje barazani na redio yake. Basi mimi nikawekwa barazani, redio magotini, mguu mmoja juu ya mwingine, niwe baba. Mama alinirekebisha mabega mpaka nikakaa kama baba hasa. Nilicheka mpaka machozi, halafu yale machozi yakawa ya kweli. Mama alimwambia mfasiri kwamba ana mteja.

Sasa sikiliza. Nusura kitabu kisitoke. Kazi ilipofika ukingoni, mama alisema hatakubali kichapishwe mpaka iongezwe sura moja mwishoni. Wachapishaji walikataa, wakasema kitabu ni kizuri kama kilivyo. Mama akasema basi kibaki nyumbani. Wakanyamaza kabisa, nami nikamwambia anachezea bahati ambayo wenzake wanaililia. Alikaza uzi, akaendelea kushona. Mwishowe walikubali wao. Sura hiyo aliiandika kwa mkono, akaitia kwenye bahasha na kuituma kwa mfasiri bila kubaki na nakala. Hata mimi, ninayesoma kila anachokiandika kabla wino haujakauka, hakunionjesha.

Juzi vitabu vyake vilifika. Nilimuuliza sura yenyewe inasema nini. Aliendelea kukunja pazia, kisha akaniambia bila kuniangalia kwamba baba alipofariki ulitaka kuja, na ni yeye aliyekukataza. Vibali vyako vya huko vilikuwa havijatoka, ungetoka usingeweza kurudi. Watu walipouliza msibani uko wapi, alinyamaza. Alipokuja kuandika alinyamaza tena, kwa sababu alikuwa na uchungu akahitaji mtu wa kumlaumu, nawe hukuwepo kujitetea. Lakini aliposikia kitabu kinakwenda huko, alikosa usingizi. Alisema wakwe zako watakisoma, na wenzako wa kazini, watakuona mtu asiye na huruma, na huko huna ndugu wa kukutetea isipokuwa yeye.

Miaka yote hiyo ulikuwa unajua, ukabeba lawama, hukumchongea mama hata kwangu mimi dada yako. Nimezaliwa kati ya watu wawili wakaidi, na najivunia nyote wawili.

Lugha hiyo hapa nyumbani hakuna anayeijua. Jana nilimkuta mama amefungua kurasa za mwisho, anapitisha kidole mstari kwa mstari, anatafuta kitu. Akikipata anakigonga kidogo, anaendelea. Nilichungulia. Ni jina lako la utotoni, Kisigino, alilokubandika kwa kuwa ulikuwa ukimfuata nyuma kila aendako. Alimwomba mfasiri aliache kama lilivyo. Katika ukurasa mzima hilo ndilo neno pekee analoweza kulisoma.

Kitafute, mdogo wangu. Kisome, kisha umpigie umsomee kwa lugha yetu, maana hata yeye hana tena maneno yake. Msalimie shemeji, na wakwe zako wape heshima zangu. Shangazi anakusalimu, na mama wa benki pia, ingawa hakujui. Na mama akipokea simu akakwambia ana mteja, usikate. Mimi nitakuwa nimeshafunga duka.

Ni mimi dada yako,
Mdomo