Mama wa Kwenye Picha, Bwera

Dada Nekesa, salamu kwako, kwa mama na kwa watoto. Mimi ni mzima. Nimetoka Kasese jana, na leo mvua imenizuia hapa Bwera, kwenye kihoteli karibu na soko.

Ukutani kuna picha ya mwanamke iliyochorwa kwa rangi ya mafuta. Ameshika tama, na hata mishipa ya mkono inaonekana. Mwenye hoteli aliponiletea ugali wa muhogo na samaki, nikamuuliza ni nani.

"Ni miye," akasema. "Muchoraji aliniomba nikae siku tatu. Bwana yangu alikuwa ametuma mutu anirudishe Kongo. Alikuwa ananipiga. Nilikaa pale nawaza tu."

"Ukaamua nini?"

"Siku ya tatu ule mutu alirudi Kongo peke yake. Miye nikaanza kupika hapa."

Akaenda kuhudumia wengine.

Dada, wazee wa shemeji wakija tena kukuchukua, wasikuharakishe. Kaa hapo kwa mama mpaka uamue mwenyewe. Ukitaka kuja kwangu na watoto, chumba kipo.

Nakupenda sana.
Nduguyo, Wafula