Mfuko wa Upepo Waliouteremsha

Babu, mume mwenzangu,

Usianze kucheka. Najua ulisema nikishika kalamu karatasi inaomba msaada. Shule niliikimbia, kweli, lakini leo nakuandikia kutoka Doha, nimekaa kitandani kwenye kambi ya wafanyakazi, mtaa wa Industrial Area, na hasira zimenijaa hadi mwandiko unapinda. Si ulevi, ni hasira.

Kwanza nijisifu, maana ulipokuwa hai hukuniachia nafasi. Mjukuu wako anafanya kazi uwanja wa ndege! Si kama kile kiwanja chetu cha vumbi ulichokuwa unafukuzia mbuzi kwa baiskeli. Huku ndege zinapanga foleni kama ndoo bombani. Kazi yangu ni kutembea pale zinapoegeshwa, macho chini, kuokota kila kokoto na msumari, injini zisije zikavimeza. Juzi niliokota skrubu ndogo kama punje ya mahindi. Supavaiza, Mnepali mmoja mkali, akaiinua juu mbele ya shifti nzima, akauliza nani kanifundisha kutembea hivi. Nikasema babu yangu. Akadhani ulikuwa rubani. Sikumkatalia.

Sasa sikia walichokufanyia.

Arobaini yako haijafika, wakaja watu wawili wa ofisi ya serikali inayoshughulika na viwanja vya ndege, na vizibao vyao vya kung'aa. Wakautazama mfuko wako wa upepo pale juu ya nguzo, ule wa kumwonyesha rubani upepo unatoka wapi, ulioushona kwa gauni la njano la mke wangu, ukalikata bila hata kumwomba. (Bibi hajakusamehe. Anasema mtaonana.) Wakasema haufai, si wa kiwango. Wakauteremsha, wakaahidi kuleta mwingine, wakaondoka. Basi.

Babu, sheria sizichukii, huku ndizo zinazonilisha. Na lile gauni lilikuwa limechakaa, tuseme ukweli. Lakini kazi ya ile ofisi si kutusaidia? Unamvuaje mtu shati bovu halafu unamwacha uchi?

Mwezi uliofuata Zuhura wa dada aliangukiwa na ukuta wa choo, mguu ukavunjika. Ndege ya daktari ikaja kumchukua. Rubani akazunguka, akazunguka. Upepo hauoni unatoka wapi, na wewe hupo wa kumpungia. Akarudi zake. Mtoto akapelekwa kwa lori la mkaa, siku nzima ya mashimo. Amepona, ila mguu anauburuza mpaka leo. Dada alinipigia analia, nami nipo foleni ya basi la kampuni.

Ofisi ikaandika ripoti. Dada kanitumia picha yake, nimeisoma mwenyewe kwa kidole, neno kwa neno. Eti kiwanja kile "hakijawahi kuwa na mwangalizi."

Hakijawahi! Na yule aliyekuwa akitembea kiwanja kizima kwenda na kurudi kila ndege ikitarajiwa, mimi nyuma yake, ananifokea, "Okota hilo, mwizi wa mke wangu! Unamwachia nani?" Alikuwa nani yule? Jini?

Nikamwomba Mnepali vipimo vya mfuko wa upepo wa kiwango, akanichorea. Ijumaa nikaenda kwa fundi wa Kipakistani nyuma ya gereji, akanishonea mfuko wa rangi ya chungwa, kitambaa kigumu, mdomo wa duara, kiwango chao kabisa. Akauliza hii suruali ya tembo? Nikamwambia ya babu yangu.

Lala, mume mwenzangu. Bibi nitakutunzia, punguza wivu. Kwa sasa dada ndiye anayetembea kiwanja na kuokota mawe. Likizo yangu ikifika nakuja kuupandisha mfuko mwenyewe, kwenye nguzo yako ile ile. Ndani ya mdomo wake fundi ameshona kwa uzi mweusi, herufi kubwa: ATHUMANI, MWANGALIZI.

Atakayetaka kuuteremsha safari hii atapanda ngazi hadi juu, na huko juu atakutana na wewe.

Ni mimi, mwizi wako,
Shabani