Mistari Mitatu ya Chaki

Mashine ya Kusaga, Pajulu,
Arua.
21 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Yasiri,

Asalaam aleikum. Hujambo huko Ujerumani? Unakula vizuri? Mimi ni mzima, ila nina hasira, na nyingine ni juu yako wewe.

Mto wa nyuma ya nyumba yetu Koboko umefurika. Shamba la Mama limekwenda lote, mihogo na karanga. Ofisi inayogawa mbegu inafunga orodha Ijumaa ijayo, na bila picha ya setilaiti inayoonyesha maji, jina haliandikwi. Afisa alimwambia, "Mama, picha ya Koboko hakuna. Ya mwisho iko ya mwezi wa tano."

Mama akapandisha kitenge. "Matope iko kwa miguu yangu. Unataka picha ya nini tena?"

Wewe mwenyewe ulinieleza kwa simu: setilaiti inapita juu yetu dakika chache, haiwezi kupiga picha kila mahali, basi programu mnayoandika inachagua penye alama nyingi. Penye mawingu alama zinashuka, panarukwa. Haya msomi, mafuriko gani huja bila mawingu?

Mimi hapa napata umeme masaa matatu tu kwa siku. Yule mzee Obitre wa Ajia huleta mihogo isiyokauka, inanichelewesha, namweka kando. Lakini kila ninapomruka namchorea mstari wa chaki ukutani. Ikifika mitatu, anatangulia, hata gunia lake liwe bichi namna gani. Bila hiyo chaki angekaa bila unga mwaka mzima, na mimi ningejisifu kwamba nimesaga magunia mengi.

Tia chaki kwenye programu yako, Yasiri. Kwa hesabu yangu, tangu mwezi wa tano Koboko ina mistari tisa sasa. Mkubwa wako akikataa, mwambie aje Pajulu nimwonyeshe ukuta.

Mama hangoji mtu. Jirani yetu Soka ametupa vipando vya mihogo, na Jumamosi nafunga mashine twende tukapande upya. Setilaiti yenu ikipata nafasi itakuta shamba limeshaota, na ofisi itasema hapakufurika kamwe. Siku hiyo nataka ujibu wewe, siyo Mama.

Binti yangu Shamim anakusalimu, na Soka pia. Mama anakuombea kila swala, hata akiwa amekununia. Mungu akulinde, akupe na ubishi wa nyumbani kwetu.

Dada yako, anayekupenda hata leo,
Zam