Nilimuua Papa ya Nsimire ku Fishi

Lundi, tarehe 2 mwezi wa pili
Batoto kumi na mbili ku mulango yangu, kengele haiyalia. Wawili tu njo bagonjwa. Bengine banatafuta mutu wa kubasikiliza. Préfet, mukubwa wa masomo, anasema mimi assistante sociale nafuga bavivu. Ananichokesha.
Leo ni fishi za Exetat, karatasi za kujiandikisha ku examen ya serikali. Vendredi saa sita liste inafungwa. Mwenye jina yake haiko, atangoja mwaka muzima. Nsimire wa sixième, classe ya mwisho, alijaza yote, akaacha wazi pahali pa papa. Papa yake alikuwa anachimba dhahabu Luhwindja. Shimo ilibafunika tangu mwezi wa kumi. Mwili haikuonekana. Nikamuandikia miye mwenyewe: décédé, amekufa. Nikamupa asinie. Akaangalia, akaweka bic chini bila kusinia, akatoka.

Mardi, tarehe 3
Hakuja. Ku institut balitufundisha mutoto anapashwa kukubali kifo. Nikawaza ni vizuri, atalia, itaisha.

Mercredi, tarehe 4
Hakuja tena. Nilipanda kwabo Kadutu na miguu, matope mpaka ku magoti. Nsimire hakutoka mu chumba. Mama yake alinipa kiti. Ku meza, sahani moja imefunikwa. Ya bwana yake. Kila siku anamuwekea.
Haya ilinishika. Na miye ni Mushi, desturi yetu naijua! Kama jamaa haiyakaa na kusema mutu amekufa, hakuna mwenye anasema. Hata mutoto hana ruhusa ya kumulilia. Miye nani alinituma?

Jeudi, tarehe 5
Mama ya Nsimire alisema niende kwa tantine, dada ya papa, anauzisha samaki za sambaza ku soko ya Nyawera. Yeye njo anasemaka mu ile jamaa. Aliniangalia toka kichwa mpaka viatu.
"Weye njo uliua kaka yangu na bic?"
Niliomba musamaha mbele ya bamaman bote ba soko. Nilimupa fishi mupya. Hakuigusa.
"Rudia ku kazi yako, maman. Tutaongea kwetu."
Naogopa. Nilimuharibishia mutoto mwaka, na hakuna mwingine wa kulaumu.

Vendredi, tarehe 6
Saa tano na nusu, hakuna mutu. Saa tano na dakika makumi ine, hakuna. Préfet alikuwa anafunga dosié, tantine akaingia na Nsimire nyuma. Tantine akasema tuandike yenye iko kweli: jamaa haiyasema. Préfet akasema hakuna pahali pa kuandika vile. Nikaandika pembeni na mukono. Nsimire akasinia. Jina yake iko ku liste.

Lundi, tarehe 9
Nsimire amenyolewa kichwa. Mbele mutu aniambie, nilifahamu: ni matanga. Benzake banasema jamaa ilikaa samedi, ikasema papa amekufa; dimanche bakazika mugomba kwabo Kabare, pahali pa mwili.
Ku récréation alikuja, akakaa, akalia. Toka mwezi wa kumi, ni leo tu. Nilifunga mulango, batoto bangoje inje. Nilikuwa na maneno mingi ya kumuambia. Nikakaa tu karibu yake.
Kengele ililia. Akapanguza uso, akarudia mu mathématiques.