Kwa Mama, Uliyeushika Mkono wa Koplo

Mwaka umezunguka, Mama, tangu alfajiri ile moyo wako uliposimama ukiwa usingizini. Brashi zako bado ziko kwenye kopo pale dirishani. Baba amekataza zisiguswe.

Ulikuwa mchora mabango. Maduka, gereji, saluni, vyote vilipita mikononi mwako, na kila kinyozi mjini alikuwa na kichwa ukutani kilichofanana na Baba, maana ndiye pekee aliyekubali kutulia kitini.

Miaka yako ya mwisho ukaanza kuwachora wazee waliopigana vita. "Wanatutoka mmoja mmoja, na sura zao hakuna anayezijua," ulisema. Kila mzee ulimwomba aje na kitu alichorudi nacho kutoka vitani. Mmoja alileta kijiko, mwingine mkanda. Wao wakisimulia, wewe ukichora, na dada mkubwa akiandika masimulizi ya kubandikwa chini ya picha.

Ndipo akaja mzee tuliyemwita Koplo.

Alikaa, akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na bomu la mkono lililoliwa na kutu. Kabla hujasema neno, pini ikakatika, ikaanguka sakafuni. Koplo akakibana haraka kishikio cha chuma kilicho ubavuni mwa bomu.

"Nikiachia tu, tumekwisha," akasema.

Vidole vyake vya kizee visingeweza kubana kwa muda mrefu. Sisi wanao na wajukuu wako tuliganda mlangoni. Wewe ulitupa brashi, ukapiga magoti, ukaufumbata mkono wake kwa mikono yako yote miwili.

"Mama watoto, toka hapo!" Baba alipiga kelele.

"Nikitoka, nani atamsaidia kushika? Watoe wajukuu. Piga simu jeshini. Na usipige kelele, unamshtua mzee wa watu."

Tulitoka, majirani wakatoka, mtaa ukatulia kama maji mtungini. Baba peke yake aligoma, akakaa kizingitini, na ndiye aliyetusimulia yaliyofuata.

Jasho lilikuwa linakuingia machoni na huna mkono wa kujifutia. Ukamuuliza Koplo, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwa nini alilitunza dude lile.

"Si langu, mwanangu. Ni la mwenzangu. Alinipa akaniambia, 'Nishikie, naja sasa hivi.' Hakurudi."

"Alikuwaje?"

Akaanza kumweleza: masikio makubwa, paji pana la uso, jino moja limempanda mwenzake. Kila mkono wake ulipolegea ulimchomekea swali jingine, naye akakaza.

Askari mtaalamu wa mabomu akafika. Akapitisha waya palipokuwa na pini. "Sasa achieni. Taratibu."

Wewe uliachia. Koplo hakuachia.

"Mzee, nipe mimi," askari yule akasema, amekinga kiganja.

"Niliambiwa nishike."

Ukamwinamia sikioni. "Mzee wangu, umeshika vya kutosha. Mpe huyu, naye ni askari kama nyinyi. Mwenzako nitamchora mimi, akae kando yako."

Vidole vikafunguka kimoja kimoja.

Jioni walilipua lile bomu kwenye machimbo ya mawe nje ya mji. Vyombo vikatikisika kabatini, na hapo ndipo ulipolia.

Ahadi uliitimiza. Ulimchora mwenzake kwa maneno ya Koplo tu, naye akakukosoa pua mara chungu nzima, mpaka ukamwambia ashike brashi mwenyewe. Siku moja aliitazama picha. "Ndiye," akasema, akatoka nje.

Mama, tuna habari ya kukupa. Picha zako zimetundikwa kwenye ukumbi wa maktaba. Mwezi uliopita bibi mmoja alisimama mbele ya ile ya Koplo, akasoma maelezo, kisha akamshika dada mkono. "Huyu wa kushoto ni kaka yangu. Nyumbani hatukuwahi kuwa na picha yake. Masikio hayo ni ya baba yetu."

Tulimpeleka kwa Koplo. Walizungumza mchana kutwa, kicheko kikisikika mara kwa mara. Sisi tulikaa barazani, tukatamani ungekuwepo usikie.

Unakumbukwa na mumeo, ambaye mpaka leo hajakusamehe kwa siku ile, wanao na wakwe zako, wajukuu wako wote, wifi yako, wachora mabango wenzako, na Koplo, aliyesema asipoandikwa hapa pamoja na ndugu, tusimwite tena nyumbani.

Maisha yetu yote tutakukumbuka, Mama.