Nyumba Yetu Haitokuwa Hoteli

Jumatano, baada ya Isha

Haitouzwa! Nimerudi kutoka mkutanoni nacheka peke yangu njiani.

Tangu uvumi uanze kwamba nyumba hii ya serikali tunayopanga Mji Mkongwe itauzwa igeuzwe hoteli, sijalala vizuri. Leo manispaa ilituita wapangaji kutueleza mpango wa kuyahifadhi majumba ya umma. Yetu imo. Kuta zitatengenezwa kwa chokaa na roshani kwa mbao, kama zilivyokuwa zamani.

Lakini afisa akasema lazima tuhame kwanza. Bi Mwanaidi, jirani yangu wa ghorofa ya juu, akainuka na bakora yake.

"Mwanangu, kuta mtazihifadhi. Na sisi tuliomo ndani?"

"Mtarudi, bibi."

"Basi andika. Ahadi za mdomo nshazisikia nyingi."

Tukapiga makofi sote. Afisa akaandika mbele yetu, kisha akatusomea: wapangaji watarudi kwenye vyumba vyao. Nusura nilie.

Wasiwasi bado ninao. Mafundi wa chokaa hawana haraka, na serikali nayo... Mungu atusahilishie.

Dada yangu wa Kiembe Samaki kakubali kunipokea. Bi Mwanaidi hana mtu, kwa hivyo nilimwambia tutakwenda sote. Akanitazama.

"Huko kuna roshani ya kukaa?"

"Hakuna, Bi Mwanaidi. Kuna ua."

"Haya, ntavumilia. Lakini chumba cha mbele changu."

Chumba cha mbele analala shemeji yangu. Sijui nitaanzaje kumwambia.