Mazuku Haipandi Ngazi

Keshero, Goma, 14 Juni 2021

Mwavita mwana wangu,

Salamu nyingi kuliko mawe ya Goma, na hayo unajua hakuna mutu amekwisha kuyahesabu. Ukiuliza afya yangu, goti ya kushoto inalia, mengine yote ni kijana. Wewe huko Bukavu unakula? Ile kikohozi iliisha?

Hii barua naandika na mukono yangu mwenyewe. Mama Kahambu, ule mwenye kupeleka vitunguu Bukavu na mashua, alitaka kuniandikia. Nikakatala. Mutu aliyejenga ukuta wa parokia kwa jicho tu, bila kamba, atashindwa na kalamu?

Volcan ulisikia. Watu walikimbia Sake, wengine huko kwenu. Mimi nilikaa palepale na mbuzi zangu tatu. Mwaka wa 2002 ilinikuliaka nyumba ya katikati ya mji, nikahamia huku. Mara hii ilishuka mpaka upande wa Munigi, ikauliza: «Muzee Cubaka iko wapi?» Wakaiambia: «Iko Keshero.» Ikasimama.

Sasa ile barua yako juu ya hewa ya mji, niliisoma mara ine. Unasema meri, ofisi ya mji wa Goma, imepatia biro yenu kazi ya kuandika dosie ya maombi, ili mashirika ya Ulaya yatoe feza ya kusafisha hewa ya mji. Na dawa ya hewa, kumbe, ni kujenga nyumba za etaji mbili, yaani gorofa, ndani ya parsele, vile viwanja vyenye kubaki wazi katikati ya nyumba za watu. Duka chini, watu wa feza kidogo juu, soko na kazi karibu, pikipiki zipunguke, moshi ipunguke. Na moja ya parsele zenye mumeona ni ya kwangu!

Mwavita. Mutu atembee juu ya kichwa yangu? Aoshe sahani, maji inishukie ndani ya sikio? Nyumba zenye nilijengaka zinapita mia moja, na zote zinakaa chini kama watu wa heshima.

Ni mimi Papa yako,
Mushagalusa Cubaka, fundi wa mawe

Bukavu, 2 Julai 2021

Papa mupenzi,

Nashukuru Mungu kwa mukono wako, unasomeka vizuri kuliko wa shefu wangu. Kikohozi iliisha. Goti ulipake ile mafuta niliyotuma, usiiweke tu kwenye dirisha ili wageni waione.

Papa, hakuna mutu anataka kukunyanganya. Parsele inabaki yako, na wewe unapata makao ya kwanza, bure, mpaka mwisho wa siku zako. Tunahitaji parsele ine, na kila moja iwe na sinyatire, sahihi ya mwenyewe. Tatu ziko tayari. Ikikosa ya kwako, dosie ya Goma haiendi popote, na mwisho wa kuituma ni Septemba ya mwaka kesho.

Ni miye mutoto wako,
Mwavita

Keshero, 9 Julai 2021

Mwavita,

Salamu. Goti ni nzuri. Hapana.

Mbuzi wanakusalimia.

Papa yako

Keshero, 20 Julai 2022

Mwana wangu Mwavita,

Nakusalimia kwa salamu moja ndefu, juu mwaka muzima nilinyamaza. Sikukasirika. Nilikuwa nangoja uombe musamaha, na wewe, sijui ulirisi kichwa nguvu wapi.

Ile mbuzi waliokusalimia walikufa. Wote watatu, asubuhi moja, pale kwenye kona ya chini ya parsele. Sikukuambia, juu ungefurahi. Ilikuwa mazuku, ile hewa mubaya yenye inatoka ndani ya udongo na kujaa ndani ya mabonde, bila harufu, bila sauti.

Sasa sikia. Vita imerudi Rutshuru, watu wamejaa Goma. Padri akauliza kanisani nani iko na nafasi. Kila mutu akaangalia viatu vyake, mimi nikasimama. Akanipatia Ntirenganya, mukulima, na bibi yake na watoto sita. Nikaenda kutafuta kuni. Kurudi jioni, nakuta wamekwisha kusimika hema yao ya plastiki wapi? Kwenye kona ya chini! Sababu pale ni laini, hakuna mawe.

Nikaruka na fimbo. «Tokeni! Tokeni hapo!»

Ntirenganya akasimama, mupole kama ngombe. «Muzee, asubuhi ulisema tukaribie. Jioni tumekuwa wachafu?»

Nikafunga taa ya mafuta kwa kamba, nikaishusha pole pole pale walitandika mikeka. Taa ikazimika, puu, kama mutu ameipuliza. Watoto wakacheka: «Muzee ni mulozi!» Nikaiwasha tena, ikazimika tena. Mama yao hakucheka. Alikuwa anaangalia ule utambi wa taa.

Basi, usiku ule tulilala vipi? Watoto ine kitandani kwangu, wawili juu ya meza, wazazi juu ya mbao. Mimi juu ya kiti, kiti juu ya sanduku ya vyombo, kama mwami, mufalme wa kijiji. Na pale juu, mwana wangu, akili ikanifikia. Mazuku ni nzito. Inalala chini kama mulevi. Haipandi ngazi!

Sasa andika ndani ya dosie yenu, na uandike kwamba imetoka kwangu: nyumba ikae juu ya nguzo, upepo ipite chini yake. Duka zifungwe jioni, mutu asilale humo. Watu walale juu. Ile kona muizungushie ukuta, hata kuku asiingie. Na Ntirenganya apate makao.

Leta karatasi nisinye.

Papa yako

Bukavu, 5 Agosti 2022

Papa mupenzi,

Nilisoma barua yako kazini, nikalia na kucheka pamoja, shefu akaniletea maji. Mazuku tumeitia kwenye ukurasa wa kwanza. Mama Kahambu anakuletea karatasi. Sinya pale chini, kwenye musalaba, vilevile unavyosinya siku zote.

Pole kwa mbuzi. Kweli.

Mutoto wako, Mwavita

Bukavu, 11 Machi 2023

Papa,

Natumaini goti inakuruhusu kucheza, juu utacheza. Wamekubali! Parsele zote ine.

Lakini Papa! Nilisema usinye kama siku zote, na wewe ukaandika «Papa yako». Meri haikuona, mimi sikuona, dosie ikaenda mpaka Ulaya. Bibi mumoja wa huko akauliza huyu Bwana Papayako ni nani, maana kazi yote imesimama juu ya maneno yake. Nikamuelezea. Sasa barua zao zote zinaanza: «Kwa Papa Yetu».

Mutoto wako, Mwavita

Keshero, 8 Septemba 2024

Mwana wangu Mwavita,

Salamu kutoka etaji ya kwanza. Ngazi ni kumi na saba, goti inazijua zote kwa majina. Naona ziwa muzima, hata mashua ya Mama Kahambu naiona kabla yeye hajaniona. Duka ya chini ni ya bibi ya Ntirenganya, anauza maharagi, na mutu hapandi tena pikipiki kwa kilo moja. Nguzo nilizipima mimi, kwa jicho. Injenieri alipima na mashini, akakuta vilevile.

Vita bado iko karibu, tunasikia masasi ya bunduki upande wa Sake. Tunaomba Mungu.

Ntirenganya iko etaji ya pili. Ndiyo, juu ya kichwa yangu. Watoto sita, na sasa wa saba, ameanza kutembea. Saa kumi na mbili ya asubuhi wanaanza: tup, tup, tup, kama mbuzi. Majirani wananiuliza kama silalamiki. Nalala nikingoja hiyo kelele. Nahesabu miguu. Ikifika jozi saba, nageuka upande mwingine, nalala tena. Ikikosa moja, nagonga plafon juu yangu na fimbo mpaka nayo ipige.

Kuja uone.

Papa yenu